Zawadi ya Harusi Ndani ya Kichupa: Kwa Nini Vileja Hukaa na Keki Haikai

Mada ya uhifadhi wa chakula ni fupi kwenye daftari, na kwa sababu ni fupi watahiniwa wengi huipitia juujuu. Wanakariri njia: kukausha, kutia chumvi, kutia sukari, kugandisha, kufungia kwenye makopo. Swali likisema "taja njia tano", wanapata alama zote. Swali likisema "eleza kwa nini", karatasi hubaki nyeupe au hujazwa maneno yasiyo na alama. Katika sura hii tutachukua mfano mmoja tu na kuuchimba mpaka chini. Majibu ya mtihani wa sayansi utayaandika kwa Kiingereza, lakini jambo usilolielewa kwa lugha unayofikiria huwezi kulieleza kwa lugha nyingine.

Mfano wenyewe ni wa hapa Maneromango. Mama mmoja anayeoka kwa biashara alipata kazi ya harusi. Familia ilitaka kila mgeni aondoke na kichupa cha kioo chenye utepe na majina ya maharusi, ndani yake kitu kitamu cha nyumbani. Vichupa 150. Nusu viwe na vileja. Nusu viwe na keki ya machungwa iliyookwa ndani ya kichupa chenyewe, kisha kifuniko kikazwe keki ikiwa bado ya moto. Alipanga kuoka wiki tatu kabla, kwa kuwa wiki ya harusi kila sufuria na kila mkono hudaiwa na pilau.

Alimuuliza binti yake, mwanafunzi wa kidato cha nne, kama keki hiyo itakaa. Binti akajibu bila wasiwasi: "Itakaa, mama. Moto umeshaua vijidudu vyote, na ukifunga ikiwa ya moto hewa inatoka, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuishi humo." Siku ya kikao cha wazazi mama akanifuata. "Mwalimu," akasema, "naomba unithibitishie haya maneno ya mwanangu kabla sijanunua machungwa."

Sikuyathibitisha. Jibu la binti lina makosa mawili makubwa ndani ya pumzi moja. Kwenye mtihani lingemkosesha alama. Kwenye harusi lingeweza kumlaza mgeni hospitalini. Na ukweli ni kwamba nimelisoma jibu hilohilo mara nyingi ninaposahihisha mitihani ya majaribio, likiwa limeandikwa na wanafunzi wazuri tu.

Kumpa mgeni kitu kitamu si jambo geni kwetu watu wa Pwani. Kwenye ndoa za Kiislamu halua na kahawa vilikuwepo kabla ya kumbi za kukodi, na siku hizi wageni wengi hukabidhiwa kiboksi chenye kipande cha keki, sambusa na karanga. Kichupa ni mtindo mpya juu ya desturi ya zamani. Tofauti ni moja, nayo ndiyo kiini cha sura hii: kiboksi kinaliwa siku ileile, ama ukumbini ama kwenye daladala ya kurudi nyumbani. Kichupa kinawekwa kabatini. Kinapendeza, kina jina la rafiki yako, unaona uchungu kukifungua.

Sasa tuanze na swali la msingi. Chakula huharibika kwa sababu gani?

Sababu kubwa ni viumbe vidogo: bakteria, ukungu na hamira za porini zinazopeperuka hewani. Wanahitaji chakula, maji na joto linalowafaa. Baadhi wanahitaji oksijeni, na baadhi hawaihitaji. Weka alama kwenye sentensi hiyo ya mwisho, tutairudia. Kuhifadhi chakula ni kumnyima kiumbe huyu kimojawapo cha anavyohitaji, au kumuua kabisa kisha kuzuia mwingine asiingie.

Katika vyote hivyo, maji ndiyo yanayosahaulika. Watahiniwa huandika "chakula kikavu hakina maji", jambo ambalo si kweli kabisa. Asali ina maji, kiasi cha asilimia 17 hadi 20 ya uzito wake, na bado hukaa miaka bila kuoza. Kumbe kinachohesabika si wingi wa maji peke yake, bali ni kiasi gani cha maji hayo kiko huru kutumiwa na kiumbe. Maji yaliyoshikwa na sukari au chumvi hayako huru. Bakteria akitua kwenye asali, nje yake kuna sukari nyingi na ndani ya seli yake kuna maji mengi zaidi kwa kulinganisha. Maji hutoka ndani ya seli kupitia utando wake kwenda nje. Hiyo ni osmosisi, ileile uliyoichora kwa kiazi na maji ya chumvi. Seli hunywea na bakteria hushindwa kukua.

Wataalamu wa chakula hupima maji huru kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 1. Maji safi ni 1. Bakteria wengi hawakui chini ya 0.91. Mmoja mkaidi, Staphylococcus aureus, huweza kufika hadi 0.86. Ukungu mwingi hukoma karibu na 0.80, ingawa kuna aina chache zinazovumilia zaidi ya hapo. Chini ya 0.60 hakuna kiumbe kinachokua. Mkate na keki laini ziko juu, kwenye 0.90 na kuendelea. Biskuti kavu iko mbali chini, kwa kawaida haifiki hata 0.50. Huna haja ya kukariri namba zote hizi. Shika picha yake: kuna mstari, na chakula kiko ama juu ya mstari ama chini yake.

Chukua vileja. Vinafahamika sana Unguja na hapa Pwani. Ni unga wa mchele, samli, sukari, iliki na mayai kidogo, vikaokwa kwa moto wa wastani mpaka vikauke bila kubadilika sana rangi. Samli ni mafuta yaliyochujwa, karibu haina maji. Unga ni mkavu. Maji machache yaliyopo yanatoka kwenye yai, na kwa kuwa kileja ni kidogo na chembamba, moto unafika katikati upesi na maji hayo huondoka kama mvuke.

Tufanye hesabu. Chukulia donge la vileja la gramu 1,000 lina gramu 180 za maji. Baada ya kuoka mzani unasoma gramu 850. Zimepotea gramu 150, karibu zote ni maji, zimebaki 30. Gawa 30 kwa 850 upate asilimia 3.5. Sasa chukulia donge la keki la gramu 1,000 lenye gramu 350 za maji, kwa sababu lina maziwa, mayai mengi na maji ya machungwa. Likiokwa linabaki gramu 900. Zimepotea gramu 100, zimebaki 250. Gawa 250 kwa 900 upate karibu asilimia 28. Vyote viwili vimetoka oveni moja, vyote vinaitwa vimeiva, lakini kimoja kimekauka na kingine kimebaki na unyevu. Keki isiyo na unyevu hailiki, kwa hiyo hapa mwokaji hana kosa. Ndivyo keki ilivyo.

Visheti navyo viko upande wa vileja, ijapokuwa hukaangwa. Mafuta ya moto hutoa maji, kisha shira iliyopikwa mpaka ikaganda hufunika kila kipande kwa ukoko wa sukari. Kashata vilevile, mradi shira iwe imepikwa vya kutosha. Kaimati ni habari nyingine: ni laini, ndani zimejaa unyevu, na anayezifungia kwenye chupa kwa wiki nzima atajuta. (Keki nzito ya matunda makavu, ile ya Krismasi, hukaa kuliko keki ya kawaida. Sababu ni ileile: sukari ya zabibu na matunda imeyashika maji.)

Sasa kichupa chenyewe kinafanya kazi gani kwa vileja? Wengi watajibu kinazuia bakteria wasiingie. Hapana. Kileja kikavu kikiangukiwa na bakteria elfu moja, hawatakua. Kazi ya kichupa ni kuzuia mvuke wa maji. Hewa ya kwetu ina unyevu mwingi, hasa masika, na kitu kikavu kikiachwa wazi huvuta unyevu huo taratibu mpaka kinalegea. Umeshaona biskuti iliyoachwa usiku kwenye sahani mwezi wa Aprili. Asubuhi inapinda badala ya kuvunjika. Ikiendelea kuvuta unyevu itavuka ule mstari, na ukungu utaanza. Kioo na kifuniko kinachobana huzuia hilo.

Ndiyo maana vileja lazima vipoe kabisa kabla ya kufungwa. Ukivifunga vikiwa vya moto, mvuke unaoendelea kutoka unagonga kioo cha baridi na kugeuka matone. Matone yanateremka mpaka kwenye kileja cha chini, na hapo umemrudishia ukungu maji uliyokwisha kumnyang'anya. Kwenye Fizikia unaita jambo hili mtonesho. Mama wa jikoni anasema "vimetoa jasho". Wote wanasema kitu kimoja, na mwokaji akiona jasho kwenye kichupa cha vileja afungue, avirudishe kwenye moto mdogo vikauke upya.

Turudi kwenye keki, maana hapa ndipo penye hatari.

Kosa la kwanza la binti: "Moto umeshaua vijidudu vyote." Oveni inaweza kuwa nyuzi 180 za sentigredi, na mtu akaona hakuna kinachopona. Lakini joto la oveni si joto la katikati ya keki. Kumbuka maji yanayochemka. Ukiongeza moto chini ya sufuria, maji hayazidi nyuzi 100. Moto wa ziada unatumika kuyageuza kuwa mvuke. Hilo ni joto fiche. Katikati ya keki kuna maji, kwa hiyo muda wote maji hayo yanapoendelea kuwepo joto la pale halipiti nyuzi 100. Keki inaiva ikiwa karibu nyuzi 95 tu. Ganda la juu ndilo linalopata moto mkali, na ndiyo sababu linakuwa la kahawia na katikati kunabaki pa njano.

Nyuzi 95 zinaua bakteria wengi walio hai na ukungu wote wa kawaida. Haziui spora za bakteria. Baadhi ya bakteria, mazingira yakiwa mabaya, hujifungia ndani ya umbo gumu lenye kuta nene na maji machache sana, wakalala. Hawali, hawakui, wanangoja. Spora za namna hii zimo kwenye udongo kila mahali, na vumbi la udongo linafika kwenye ngano, mchele, viungo na maganda ya machungwa. Kuchemsha kwa nyuzi 100 hakuzimalizi. Kwenye viwanda vya makopo vyakula visivyo na uchachu hupikwa chini ya kanieneo kubwa ili joto lifike nyuzi 121, na sehemu ya katikati kabisa ya kopo hushikiliwa kwenye joto hilo kwa dakika kama 3. Hapo ndipo spora zinapokufa. Oveni ya jikoni, ya mkaa au ya umeme, haiwezi kuifikisha keki laini hapo. Ingefika, isingekuwa keki tena.

Kosa la pili: "Hewa inatoka, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuishi." Ni kweli kwamba kichupa kikifungwa cha moto, mvuke ulio ndani unapopoa unageuka maji, kanieneo ya ndani inashuka, na hewa ya nje inasukuma kifuniko kiingie ndani. Kifuniko kinalia "tap". Mlio huo humpa mtu moyo sana. Lakini ulisoma upumuaji bila oksijeni. Hamira hupumua hivyo kwenye pombe, na misuli yako hupumua hivyo ukikimbia mbio fupi. Wapo bakteria ambao oksijeni kwao ni sumu, na mahali pasipo hewa ndipo penye raha yao. Maarufu kwa ubaya ni Clostridium botulinum. (Unapoliandika jina hili kwa mkono, piga mstari chini ya kila neno peke yake, na neno la pili lianze kwa herufi ndogo. Watahiniwa huacha alama hapo kila mwaka.)

Angalia sasa spora ya bakteria huyu inakutana na nini ndani ya kichupa cha keki. Imepona kwenye moto. Washindani wake wote wamekufa. Hakuna oksijeni, au imebaki kidogo sana. Maji huru yapo ya kutosha, maana bakteria huyu anahitaji kama 0.94, na keki laini yenye unyevu huweza kufika hapo. Uchachu hauko: bakteria huyu hakui pH ikiwa chini ya 4.6, na maji ya chungwa peke yake yako chini ya hapo, lakini yakishachanganywa na unga, mayai na hamira ya keki mchanganyiko hupanda hadi karibu na 7. Joto la chumba la Maneromango linamfaa kabisa. Na amepewa wiki tatu. Ukiambiwa uandae nyumba ya kumfugia usingeandaa nzuri zaidi.

Spora inaamka, bakteria anakua na kutoa sumu. Sumu hiyo ni miongoni mwa kali kuliko zote zinazojulikana. Hushika ncha za neva mahali zinapokutana na misuli na kuzuia ujumbe usivuke. Ugonjwa kwa kawaida huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula, wakati mwingine siku kadhaa: kuona vitu viwiliviwili, kope kuanguka, ulimi mzito, kushindwa kumeza, kisha ulegevu unaoshuka kutoka usoni kwenda mikononi na kifuani. Misuli ya kupumua ikilegea mtu hufa asipopata mashine ya kumsaidia. Akili yake huwa timamu muda wote, na mara nyingi hana homa. Mgonjwa wa namna hii hakai nyumbani kungoja kuona kesho itakuwaje. Anapelekwa hospitali saa ileile, na chakula alichokula kinabebwa kikaonyeshwe. Tena chakula chenye sumu hii si lazima kinuke wala kubadilika rangi, kwa hiyo kukionja ili kukijaribu ni hatari.

Mtahini akikuuliza mfano, usikimbilie mbali. Nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, watu walikufa kwa ugonjwa huu baada ya kula kumbikumbi waliokuwa wamefungwa na kukaa ndani ya mfuko wa plastiki. Habari zao zilichapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 1980. Nchini Uganda, Oktoba 2008, wanafunzi watatu wa shule ya bweni walilazwa, mmoja alifariki. Uchunguzi ulithibitisha sumu ya bakteria huyu, na chanzo kilichodhaniwa zaidi kilikuwa kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani, ambacho wote watatu walikila. Mafuta hufanya kazi ya kifuniko: hufunika chakula na kuzuia hewa. Wewe uliye bweni na una kopo la pilipili ya mafuta, lenye vitunguu saumu vibichi ndani yake, chini ya kitanda tangu shule ifunguliwe, soma aya hii mara mbili kisha ukalitupe. Ugonjwa huu ni nadra. Lakini unadra wake ni faraja kwa anayehesabu wagonjwa wa nchi nzima, na si kwa aliyekula.

Bakteria mwenyewe aligunduliwa kutokana na shughuli ya watu wengi pia. Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki waliopiga muziki kwenye mazishi walikaribishwa chakula, wakala paja la nguruwe lililotiwa chumvi. Watatu walikufa. Profesa Émile van Ermengem alichunguza nyama na maiti, akampata bakteria anayekua pasipo hewa, na akaeleza matokeo yake mwaka 1897.

Hapa mwanafunzi mwerevu huuliza: mbona samaki wa kopo na jamu ya dukani haviui? Swali zuri. Mfaransa Nicolas Appert ndiye aliyeanza kuhifadhi vyakula kwa kuvifunga ndani ya chupa za kioo na kuzichemsha kwa saa nyingi. Serikali ya Ufaransa, iliyotaka chakula cha majeshi, ilimlipa faranga 12,000 mwaka 1810. Appert hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi. Alidhani siri ni kuondoa hewa, sawasawa na binti wa Maneromango, na hatumlaumu kwa sababu Louis Pasteur hakuwa ameonyesha kazi ya vijidudu mpaka miaka ya 1860. Wewe huna udhuru huo. Samaki wa kopo anapona kwa zile nyuzi 121 chini ya kanieneo. Jamu inapona kwa sukari nyingi na uchachu wa tunda. Achari ya ndimu inapona kwa uchachu na chumvi. Keki haina hata kimoja: haikupikwa kwa nyuzi 121, haina uchachu, na sukari yake haitoshi kuyashika maji yote.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaguna, akauliza lililokuwa moyoni mwake: "Sasa mwalimu, vichupa 75 nimeshavilipia, nitavitia nini?" Tulikaa na binti yake tukapanga. Vileja vikaongezwa. Vichupa vingine vikapata biskuti za korosho, ambazo zilikatwa nyembamba na kuokwa mara mbili zikauke hadi katikati. Korosho hapa Kisarawe hatuikosi, na iliyokaangwa ni kavu. Zilitandazwa zikapoa usiku kucha chini ya kitambaa safi, ndipo zikafungwa kwenye vichupa vilivyooshwa na kukaushwa kabisa, maana tone moja la maji chini ya kichupa linaharibu kazi yote. Tarehe ya kuoka iliandikwa nyuma ya utepe. Keki ya machungwa haikufutwa. Iliokwa siku moja kabla ya harusi, ikakatwa vipande, ikaliwa ukumbini pamoja na chai. Hivyo ndivyo keki inavyotakiwa kuishi.

(Kama unafikiria kuifanya biashara hii ukimaliza shule, fahamu kwamba tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Zamani ulikuwa TFDA, na vitabu vya zamani bado vinasema hivyo.)

Jinsi ya kulijibu kwenye mtihani. Swali linaweza kuja hivi: "Mwokaji alifunga keki laini na biskuti kavu katika vichupa viwili visivyopitisha hewa. Eleza kwa nini biskuti ilikaa salama na keki haikuwa salama." Jibu lenye alama huanza na maji, si na hewa. Sema biskuti ina maji huru machache, kwa hiyo vijidudu hushindwa kukua, na kifuniko kinazuia unyevu wa hewa usiingie. Kisha nenda kwenye keki: ina unyevu mwingi, joto la katikati halikuzidi nyuzi 100 kwa sababu ya maji, hivyo spora zilibaki hai, kukosekana kwa oksijeni kuliwafaa bakteria wanaopumua bila oksijeni, pH iko juu ya 4.6, bakteria walikua na kutoa sumu. Mpangilio huo wa sababu na matokeo ndio unaotafutwa. Anayeandika "keki iliharibika kwa sababu ya bakteria" ameeleza nusu ya robo.

Ukitaka kuliona kwa macho yako, fanya jaribio dogo shuleni. Weka kipande cha mkate wa sinia kwenye kichupa kimoja, kileja kilichopoa kwenye cha pili, na kwenye cha tatu weka kileja ulichokidondoshea matone kumi ya maji. Hicho cha tatu ndicho kitakachoonyesha kwamba tofauti imeletwa na maji, si na aina ya unga. Vifunike, usivikaze, viweke mahali pamoja penye joto sawa, na uandike unachokiona kila siku kwa siku saba. Usivifungue wala kuvinusa. Siku ya saba vitie vyote kwenye mfuko vikiwa vimefungwa, vipeleke kwenye shimo la taka, na unawe mikono kwa sabuni.